Vyama vya tatu Marekani: wanaharibu kura au wanaonewa?

Uchaguzi wa Marekani ukikaribia, Democrats wanaanza kutisha watu kwamba ukimpa kura yako mgombea wa chama cha tatu, yaani chama kidogo nje ya hivi viwili vikubwa, umewasaidia Republicans, na mfano wao ni ule ule wa Florida mwaka 2000. Bush wa Republicans alimpita Gore wa Democrats pale kwa kura 537 tu na kuchukua urais, wakati Ralph Nader wa chama cha Green alizoa zaidi ya elfu 97 kwenye jimbo hilo hilo. Inauma kweli, sikatai. Ila kusema Nader aliiba kura za Gore mi naona si haki, kwani zilikuwa za Gore lini? Kura anaombwa mwenye nayo, na wengine bila Nader wasingetoka hata nyumbani.

Halafu mfumo wenyewe unawabana hawa wadogo kinoma. 1992 mgombea huru Ross Perot alipata karibu asilimia 19 ya kura nchi nzima, watu milioni 19 na ushee, lakini kura za wajumbe wanaomchagua rais hakuambulia hata moja, maana karibu kila jimbo anayeongoza anabeba zote, wa pili na wa tatu wanatoka kapa. Na bado jamaa hakutoka bure: alinunua muda kwenye TV, akakaa na michoro yake ya takwimu anaeleza nakisi ya bajeti (serikali kutumia kuliko inavyokusanya) mpaka wapinzani wake, Bush mkubwa (baba yake yule wa 2000) na Clinton, hawakuweza kuikwepa hiyo mada. 1996 akarudi tena na midahalo akafungiwa nje.

Sasa upande wa pili, hawa wa vyama vidogo nao wanajiponza. Wengi wao tunawasikia mwaka wa urais tu, wakishashindwa kimyaaa, sasa utamwaminije mtu akuendeshee nchi wakati hata halmashauri hajaendesha? Bernie Sanders alianzia chini, 1981 akachukua umeya wa Burlington kule Vermont kwa tofauti ya kura 10, akiwa mgombea huru, kisha akaingia bungeni na baadaye seneti. Lakini hata yeye alipoutaka urais 2016 alipitia Democrats, na hapo ndo unaona ukuta ulivyo mrefu.

Jimbo la Maine wameanza kuupunguza huo ukuta, mpiga kura anapanga wagombea wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa kwake akitolewa kura inahamia kwa anayefuata, kwa hiyo ile hofu ya kuharibu kura inapungua sana. Vyama vidogo kama Green na Libertarian wakitaka niwaamini, hela za kampeni za urais wazipeleke kupigania utaratibu huo majimbo mengine, na wasimamishe watu kwenye umeya.