Njoo tu, vyumba vipo

Sentimita 140. Tarakimu hiyo ndiyo iliyonikalisha niandike. Fungua tangazo la hoteli yoyote ya kawaida hapa Yokohama, Japani, hata ile ya bei ya chini jirani na stesheni ya Kannai, utakuta wametaja upana wa kitanda kwa sentimita: 120, 140, 160. Chini yake wametaja ukubwa wa chumba kwa mita za mraba, choo na bafu vikiwa vimehesabiwa humo humo. Zinafuata saa ya kuingia, saa ya kutoka, na kiasi utakachokatwa ukighairi. Wameandika kabla hujauliza.

Sasa pigia simu gesti ya nyumbani uulize kitanda kina ukubwa gani. Jibu unalijua. "Kikubwa." Chumba je? "Kizuri, selfu." Tarehe ishirini kitakuwepo? "Njoo tu, vyumba vipo."

Najua wapo wanaosema tayari kwamba huyu amekaa ughaibuni, sasa anatuona washamba. Hapana, na hoja yangu ni kinyume cha hiyo. Watu wanaojua kupima kitanda ni sisi. Dar es Salaam nzima inajua tofauti ya tano kwa sita na sita kwa sita. Fundi wa Keko anakata mbao kwa futi na hakosi inchi moja. Godoro linauzwa kwa vipimo, shuka inauzwa kwa vipimo, hata chandarua kinaulizwa vipimo. Kitanda hicho hicho kikishaingia gesti, vipimo vinapotea, kinakuwa "kikubwa". Hapo ndipo ninapoumia, maana tunacho kipimo na tunamnyima mtu mmoja tu, yule anayelipa.

Kwa kuwa kila msimu wapo ndugu wanaokuja huku kufuata magari, mikutano au masomo, na wanakuja na mazoea ya "njoo tu", ngoja niseme mambo yalivyo.

Anza na futi. Tano kwa sita ni sentimita 152 kwa 183. Kitanda ambacho Wajapani wanakiita semi-dabo kina sentimita 120 hadi 140, yaani kati ya futi nne na futi nne na nusu. Hoteli nyingi zinakiuza kama chumba cha watu wawili, na kwa kipimo chao hawadanganyi, kwa sababu namba wameiandika. Watu wazima wawili wenye miili ya kwetu watalala ubavu usiku kucha. Kama mko wawili tafuteni dabo ya 160, au twini, ambayo ni vitanda viwili. Kwa anayelala peke yake, 140 inamtosha kabisa.

Chumba chenyewe, kwenye hoteli za wasafiri wa kazi, huwa na mita za mraba 11 hadi 14. Mita 12 za mraba ni mita tatu kwa nne, na humo humo kimo kibanda cha plastiki kilichobeba choo, sinki na beseni la kuogea. Kinachobaki kinajazwa na kitanda na meza ndogo. Mwenye masanduku mawili ya kilo 23 hataweza kuyafungua yote sakafuni kwa wakati mmoja. Moja litalala chini ya kitanda, kama mvungu unaruhusu. Ukitaka nafasi, kisome hicho kipimo cha mita na uziache picha. Picha hupigwa kwa lenzi pana, na lenzi pana hufanya kabati lionekane ukumbi.

Kosa kubwa zaidi ni la mahali. Mtu anaona hoteli imeandikwa Shin-Yokohama, anasema ni Yokohama hiyo hiyo. Shin maana yake mpya. Stesheni hiyo ilijengwa 1964 kwa ajili ya Shinkansen, treni ya mwendo kasi, mbali na bandari, na kufika stesheni ya Yokohama kwa treni ya chini ya ardhi, Blue Line, ni dakika 11 hivi. Stesheni ya Yokohama yenyewe nayo haipo baharini. Ile ya kwanza, ya reli ya kwanza ya Japani mwaka 1872, ndiyo leo inaitwa Sakuragicho. Anayetaka kuwa karibu na maji achague Sakuragicho, Kannai, au stesheni za reli ya Minatomirai: Minatomirai, Bashamichi, Nihon-odori, na ile ya mwisho, Motomachi-Chukagai, kwenye mtaa wa Wachina.

Mwenye shughuli za magari atauliza gati la Daikoku, ambako meli za magari hupakia. Daikoku ni kisiwa cha kutengenezwa, hakuna treni inayofika pale. Usikitafutie hoteli. Lala karibu na stesheni ya Yokohama, ambako reli nyingi zinakutana na ambako treni ya Keikyu kutoka uwanja wa ndege wa Haneda hukushusha ndani ya nusu saa. Kutoka Narita hesabu saa moja na nusu kwa treni ya moja kwa moja. Na kumbuka treni hulala. Ikikaribia saa sita usiku zinaanza kukatika, na teksi ya usiku inaweza kula pesa ya chumba kizima.

Bei inafuata siku. Chumba cha yen 8,000 Jumanne kinaweza kuvuka mara mbili ya hapo Jumamosi ikiwa kuna tamasha. Shin-Yokohama ina uwanja uliochezewa fainali ya Kombe la Dunia 2002, na ina ukumbi wa Yokohama Arena. Kannai ina uwanja wa besiboli. Minato Mirai ina kumbi za Pacifico, ambako mkutano wa TICAD wa viongozi wa Afrika na Japani umefanyika 2008, 2013, 2019 na 2025. Kabla ya kushangaa bei, angalia nani anapiga muziki au nani anahutubia wiki hiyo, kisha sogea stesheni tatu nne upande mwingine. Epuka pia mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei, katikati ya Agosti, na mwaka mpya, kwa sababu Wajapani wenyewe wako safarini.

Tovuti za Kijapani mara nyingi hutaja bei kwa kichwa. Ukiona 6,500 na mko wawili, mtalipa 13,000. Idadi ya watu unayoandika ndiyo itakayolala. Hapa yule ndugu wa "tutabanana tu" hana nafasi. Mapokezi wanahesabu vichwa, na kila anayelala lazima aandikwe. Mtoto mdogo anayelala kitanda cha mzazi huwa halipiwi, ila umri wa mwisho unatofautiana hoteli hadi hoteli, na hata asipolipiwa atajwe kwenye buking. Kingine cha kuangalia ni sigara. Kin'en ni chumba kisichovutwa, kitsuen ni kinachovutwa, na maandishi yake yanamalizika na herufi ile ile ya moshi. Ukikosea hapo utalala ndani ya jivu, na siku iliyojaa hakuna kubadilishiwa.

Jina liandike kama lilivyo kwenye pasipoti, la ukoo mahali pa la ukoo. Sisi wenye majina matatu ndio tunaoleta shida: buking inasoma jina la baba, pasipoti inasoma la babu, na mhudumu anatafuta mara tatu hakuoni. Namba ya buking ipige picha ibaki ndani ya simu, kwa kuwa ukitua laini yako inaweza isikamate intaneti.

Sasa saa, ambayo inawaangusha Waswahili kuliko wengine. Kuingia 15:00 ni saa tisa alasiri, kutoka 10:00 ni saa nne asubuhi. Japani iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa sita kamili, na hapo pana jambo la kupendeza: ukisema kwa Kiswahili kwamba nyumbani ni saa tatu asubuhi, saa ya ukutani hapa Yokohama inaonyesha tatu, ya mchana. Kwa hiyo hoteli ikisema mwisho wa kughairi bure ni 18:00 ya siku iliyotangulia, kwako wewe uliyeko Mombasa au Mwanza ni saa sita mchana. Mwenye kungoja jioni ya nyumbani ameshakatwa. Na ndege ikitua saa sita na nusu usiku kuamkia tarehe 12, usiku unaolipia ni wa tarehe 11. Ukibuku ya 12 utakaa kwenye kiti cha mapokezi mpaka saa tisa alasiri.

Makato yenyewe hutofautiana, lakini mpangilio unaokutana nao mara nyingi ni asilimia 20 ukighairi siku moja kabla, 80 siku yenyewe, na 100 usipotokea bila taarifa. Ukiandika kwamba utafika saa mbili usiku kisha ukachelewa mpaka saa tano bila kusema, wana haki ya kukuhesabu hukuja. Ujumbe wa mstari mmoja unatosha kukishika chumba.

Hapa ndipo nasikia yule mwingine akisema: huo ni ukatili, nyumbani ukichelewa wanakungoja. Ni kweli, na ninajivunia hilo. Mlinzi wa gesti ya Korogwe atakufungulia saa nane usiku, atakubebea begi, atamwamsha mtu akuchemshie maji ya kuoga. Huku, ukiwahi kufika saa nne asubuhi, begi watakuhifadhia bure na kwa heshima, lakini chumba hupati kabla ya saa yake, hata kama umesafiri siku mbili na macho yamekuvimba. Bei haina mjadala. Ukiomba godoro la ziada chini, hakuna. Utu wa mapokezi yetu sijaukuta hapa, na sitaki tuuache.

Ila tuambiane na upande wa pili. Huyo huyo anayekungoja ndiye aliyempa mwingine chumba chako saa moja jioni kwa sababu alikuja na pesa mkononi. Umetuma advansi kwa simu, una ujumbe wa muamala, na unaambiwa "kuna mgeni ameongeza siku, lakini tutakupeleka kwa jirani". Kwa jirani feni haizunguki. Yokohama, makato yale yale yanayoitwa ukatili ndiyo yanayokulinda: wewe umefungwa, na wao wamefungwa. Chumba chako kitakaa tupu mpaka saa uliyosema, hata kama kuna mtu amesimama mlangoni na noti.

Wapo pia wanaolalamika kwamba Wajapani wanapiga nakala ya pasipoti kama vile Mwafrika ni mhalifu. Sheria yao ya nyumba za wageni inataka mgeni wa nje asiye na makazi Japani atoe uraia na namba ya pasipoti. Mjerumani naye anatoa. Mwenye anwani ya hapa anaandika anwani yake. Na sisi je, lile daftari la mapokezi lenye kabila, unakotoka na unakokwenda tunalijaza kwa ajili ya nini?

Mpwani mwenzangu ajue mawili matatu zaidi. Umeme ni volti 100 na soketi ni ya pini mbili bapa, kwa hiyo chaja ya simu itafanya kazi ukiwa na adapta, lakini pasi ya kwetu ya volti 230 haitapata moto wa maana. Kifungua kinywa cha kujipakulia huwa na nyama ya nguruwe iliyochanganywa kusikotarajiwa, hata kwenye supu. Asiyekula achukue chumba bila chakula. Na kibla, ambacho Dar na Mombasa tunakielekea kaskazini moja kwa moja, hapa ni magharibi ukiinamia kaskazini kidogo.

Kinachonikera hasa ni kwamba ukarimu kwa msafiri ni kazi ya mababu zetu. Yokohama ilikuwa kijiji cha wavuvi mpaka bandari ilipofunguliwa 1859. Hoteli yake kongwe ya mbele ya bahari, New Grand, ilifunguliwa 1927, baada ya tetemeko la 1923 kuubomoa mji. Wakati huo Mombasa, Zanzibar na Lamu walikuwa wameshapokea majahazi ya wageni kwa karne nyingi, wakawalisha na kuwalaza msimu mzima wakingoja upepo ugeuke. Halafu leo mtu wa Tanga ashindwe kuniambia kitanda chake kina futi ngapi?

Na mkisema hatuna mtaji wa Wajapani, nawauliza futi ya fundi cherehani ni bei gani. Mwenye gesti apime leo, aandike kwenye ukurasa wake: Chumba namba 6. Kitanda tano kwa sita, godoro inchi nane. Chumba mita tatu kwa tatu na nusu, choo ndani. Maji ya tangi, ya moto asubuhi tu. Jenereta mpaka saa sita usiku. Ukituma nusu ya pesa chumba kinashikwa mpaka saa nne usiku, na tukimpa mtu mwingine kabla ya hapo tunakurudishia yote na nauli ya kwenda kwa jirani juu yetu.