Sungura Ametolewa Mlimani: Filamu Mpya Ndani ya Mashine za Zamani

Tarehe 22 Januari 2023 abiria wa mwisho waliteremka na maji ya Splash Mountain, mchezo wa mashua wa Disney kule Florida. California walifunga mwisho wa Mei mwaka huo huo. Mlima ule ule, na mfereji ule ule, ukafunguliwa tena Juni 2024 Florida na Novemba 2024 California kwa jina la Tiana's Bayou Adventure, ukiwa na wahusika wa filamu ya Disney ya mwaka 2009, The Princess and the Frog. Kwa wapenzi wa bustani kubwa za burudani walioko Arusha na Moshi, ambao wengi wao wanazijua kwa video tu, ubishi huo haujapoa mpaka leo. Kuna wanaosema kampuni zinaua michezo iliyolea vizazi ili ziuze filamu. Wengine wanajibu kwamba mchezo ni mashine, mashine huzeeka, na mtoto wa leo hadaiwi kumbukumbu za baba yake.

Tunadhani kambi zote mbili zinatazama bango la getini kuliko kilichomo ndani. Jambo la kupima ni kama hadithi mpya inakaa kwenye mashine iliyokuwepo, na kama mahali pale panabaki na maana yake.

Tuanze na kesi ngumu kuliko zote. Splash Mountain ilifunguliwa California mwaka 1989, kisha Florida na Tokyo mwaka 1992. Hadithi yake ilitoka kwenye Song of the South, filamu ya 1946 inayowaonyesha watu weusi wa mashamba ya Georgia kana kwamba maisha yao yalikuwa raha tupu. Disney wenyewe hawajawahi kuiuza kwa kanda wala diski nchini Marekani. Watetezi wa mchezo walisema ndani ya mlima hamkuwa na shamba wala mzee anayesimulia visa kwenye filamu. Mlikuwa na sungura, mbweha na dubu, na hata sanamu la lami linalomnasa sungura kwenye visa vya asili liliondolewa, ukawekwa mzinga wa asali. Ni kweli. Msomaji wa Kiswahili ana sababu nyingine ya kuvuta upande huo: Brer Rabbit, sungura wa mchezo ule, ni ndugu wa sungura wetu mjanja, aliyevuka bahari vinywani mwa Waafrika waliouzwa utumwani. Kisa cha kunaswa na kitu kinachonata tunacho huku, ila chetu kiko kisimani: sungura anakataa kuchimba, anaiba maji usiku, mwishowe ananaswa na kobe aliyepakwa ulimbo mgongoni.

Pamoja na hayo, kwa maoni yetu kufunga kulikuwa sahihi. Mchezo ule ulikuwa unapitisha kwa mlango wa nyuma filamu ambayo mwenye nayo anaona haya kuionyesha. Kosa la Disney liko kwingine: sungura, ambaye ni mzee kuliko filamu yenyewe, hakutafutiwa pa kwenda. Kwa sasa mtu akitaka kumwona mlimani inabidi aende Tokyo.

Kesi hiyo inatoboa pia hoja ya "ya asili dhidi ya filamu", kwa sababu kilichoondolewa nacho kilikuwa cha filamu. Disneyland ya California ilipofunguliwa mwaka 1955 ilikuwa tayari na michezo ya Snow White, Peter Pan na Mr. Toad, yote ya filamu. Sanamu nyingi zilizokuwa zikicheza ndani ya Splash Mountain ya California hazikutengenezwa kwa ajili yake. Zilihamishwa kutoka America Sings, onyesho lililofungwa mwaka 1988. Kwa hiyo mchezo unaoliliwa leo ulijengwa kwa vipande vya mchezo mwingine uliokufa. Mr. Toad wa Florida alipofungwa mwaka 1998, mashabiki waliandamana ndani ya bustani na mabango. Aliyechukua nafasi yake mwaka 1999 ni Winnie the Pooh: filamu imepokea filamu. Na safari ya kinyume ipo. Pirates of the Caribbean ilianza kama mchezo mwaka 1967, ikazaa filamu mwaka 2003, halafu mwaka 2006 Jack Sparrow wa kwenye filamu akapachikwa ndani ya mchezo uliomzaa.

Sasa tuingie kwenye mashine, ambako mashabiki wengi huruka haraka.

Mchezo wa maji ukibadilishwa sura, vinavyobaki ni vile vya gharama kubwa: mfereji wa zege, pampu, mikanda ya kupandishia mashua, mifumo ya usalama na jengo. Vinavyotoka ni sanamu, mandhari, taa, sauti na mapambo ya eneo la foleni. Mafundi wa gereji za Arusha wanaorefusha Land Cruiser za watalii wataielewa kazi hii mara moja: bodi unaweza kuikata na kuinua paa upendavyo, lakini injini na ekseli zilizopo ndizo zitakazoamua gari litabeba nini. Mteremko mkubwa wa Splash Mountain, wa mita kama 15, uko karibu na mwisho na umemwagwa kwa zege. Hausogei. Kila mwandishi wa hadithi mpya lazima afike hapo akiwa na sababu ya kumtupa abiria chini.

Hadithi ya zamani ilikuwa nayo. Mbweha amemkamata sungura, anataka kumla, sungura anamsihi amfanye lolote lakini asimtupe kwenye miiba. Anatupwa, na abiria anatupwa naye. Hofu ilikuwa inapanda pamoja na mkanda. Kwenye mchezo wa Tiana, abiria wanasaidia kutafuta wanamuziki wa sherehe, wanapunguzwa kuwa wadogo kama vyura, kisha Mama Odie, mganga wa filamu hiyo, anawarudisha ukubwa wao kupitia mteremko. Sanamu ni nzuri kupita kiasi. Mota za umeme za siku hizi huzipa nyuso mijongeo ambayo zile za zamani, za hewa na mafuta ya hidroliki, zilikuwa zinaivizia tu. Lakini hakuna anayemfukuza mtu. Mteremko umebaki, sababu yake imepungua. Hapa wanaolalamika wana hoja ya kiufundi, hata kama wengi wanaieleza kama uchungu wa utotoni.

Linganisha na jengo la Tower of Terror la California, mchezo wa lifti inayoanguka. Lilifungwa mwanzoni mwa Januari 2017 na kufunguliwa Mei 27 mwaka huo huo likiwa la Guardians of the Galaxy, filamu ya mashujaa wa anga. Mashabiki walipiga kelele kwamba jengo limegeuzwa kiwanda cha mabomba, na kwa macho kutoka nje hawakukosea. Ndani ikawa habari nyingine. Chumba kile kinavutwa juu na chini kwa mota zinazofuata programu, kwa hiyo mipando na mishuko iliandikwa upya kufuata muziki, nyimbo sita tofauti, kila moja na mpangilio wake. Mashine iliyokubali kuandikwa upya ilipokea hadithi mpya bila kuvunjika, na hata waliokuja na kinyongo wengi wao walirudi kupanga foleni.

Katikati ya hizo mbili iko Maelstrom, kwenye banda la Norway ndani ya Epcot, bustani ya Disney ya Florida yenye mabanda ya nchi mbalimbali. Ilianza mwaka 1988: mashua inapanda, zimwi lenye vichwa vitatu linairudisha kinyumenyume, inateremka kwenye dhoruba ya bahari ya Kaskazini penye mtambo wa mafuta. Ilifungwa Oktoba 2014, ikafunguliwa Juni 2016 ikiwa ya filamu ya Frozen. Mfereji ni ule ule. Anayekurudisha kinyumenyume sasa ni Elsa, malkia wa barafu wa filamu hiyo. Kimashine imefaa sana. Imeharibika kwingine, kwenye hesabu na kwenye maana.

Hesabu ni hii. Mashua ya watu 16 ikiondoka kila sekunde 60, kwa saa inabeba watu 960. Ikiondoka kila sekunde 30, ni 1,920. Mchezo ukigoma kwa dakika 20, umepoteza theluthi ya saa, na watu wale hawapotei, wanaongezeka kwenye foleni ya walioko nyuma. Kubadilisha sura hakuongezi hata kiti kimoja. Ukichukua mfereji mfupi uliojengwa kwa banda lenye wageni wa wastani, ukaupa filamu inayopendwa na kila mtoto duniani, foleni haina pa kwenda ila kurefuka. Upande wa maana, Arendelle, kwao Elsa, ni nchi ya kubuni, na banda lilijengwa kumwonyesha mgeni nchi halisi. Mtoto anatoka pale anamjua Elsa. Norway ameipita njiani.

Upande unaotetea mabadiliko nao una hoja zisizopaswa kupuuzwa, na nzito kuliko zote ni matengenezo. Expedition Everest, rola kosta ya mwaka 2006 ndani ya Animal Kingdom, bustani nyingine ya Disney ya Florida, haina filamu yoyote nyuma yake. Sanamu lake kubwa la yeti liliacha kujongea miezi michache tu baada ya kufunguliwa, na kwa miaka limekuwa likimulikwa taa za kumetameta ili lionekane linacheza. Kwa hiyo kuwa wa kubuniwa na bustani yenyewe hakuupi mchezo kinga. Jaws, papa wa kampuni pinzani ya Universal kule Florida, alikorofisha toka alipofunguliwa mwaka 1990, akajengwa upya kufikia 1993, akafungwa Januari 2012. Palipokuwa na papa pakabomolewa pote, na Julai 2014 pakafunguliwa Diagon Alley ya Harry Potter. Wachache sana leo wangetaka kubadilishana. Tofauti na Frozen iko wazi: Universal walianza na ardhi tupu, hadithi ikachagua mashine yake.

Muda wa kufunga nao una bei. Great Movie Ride ya Disney kule Florida ilifungwa Agosti 2017 na mchezo uliofuata, wa Mickey na Minnie, ukafunguliwa Machi 2020. Hiyo ni zaidi ya miaka miwili na nusu bustani ikiwa na jengo kubwa lisilomeza mtu, na umati wake ukisukumwa kwenye michezo iliyobaki. Wanaodai kila kitu kibomolewe na kujengwa upya waanze kwa kujibu hapo.

Kuna pia mikataba, ambayo huamua mengi kuliko mapenzi. Disney walinunua Marvel, kampuni ya mashujaa wa katuni, mwaka 2009, lakini mkataba ambao Universal walikuwa wamekwisha kufunga na Marvel mwaka 1994 unawazuia kuwatumia mashujaa wengi katika bustani zao za Florida. Ndiyo maana Epcot wamepata Guardians, ambao Universal hawakuwa wakiwatumia, na hawajapata Spider-Man. Shabiki anayeuliza kwa nini amewekwa huyu na si yule, mara nyingi jibu liko kwa mawakili.

Hoja kwamba cha kale kinafungwa kwa kukosa nafasi tunaipokea California, ambako Disneyland imebanwa na mji. Florida, ambako kampuni ina ardhi ya kilomita za mraba kama 100, inatutatiza. Mto wa Rivers of America, uliokuwepo toka bustani ya Magic Kingdom ifunguliwe mwaka 1971, ulipokea wageni wa mwisho Julai 6, 2025 ili upishe eneo la filamu za Cars. Meli iliyokuwa ikiuzunguka mto huo haikuwa na foleni ndefu, hilo linakubalika. Lakini ilikuwa kivuli, maji na kimya katikati ya kelele, na hicho hakihesabiki kwa watu kwa saa.

Wasiotaka filamu wana mfano mzuri ambao hawautumii vya kutosha. Bustani ya Efteling, Uholanzi, walifunga Spookslot, nyumba yao ya mizuka ya mwaka 1978, mnamo 2022. Oktoba 2024 wakafungua Danse Macabre mahali pale pale: mashine mpya kabisa, hadithi yao wenyewe, na muziki ule ule wa Saint-Saëns uliokuwa ukipigwa kwenye jengo la zamani. Cha kale kimeondoka bila filamu kuingia.

Mfano wa kuchekesha uko Animal Kingdom. Mchezo wa mijusi wakubwa wa kale ulifunguliwa mwaka 1998 ukiwa na jina lake, Countdown to Extinction. Mwaka 2000 Disney wakatoa filamu iitwayo Dinosaur, wakaubatiza mchezo jina hilo. Filamu ikasahaulika, jina likabaki ukutani miaka 25. Sasa umepangiwa kumpisha Indiana Jones, ambaye mchezo wake wa California wa mwaka 1995 unatumia magari ya aina ile ile na njia yenye ramani ile ile. Kimashine ni kama anarudi kwao.

Bustani hiyo hiyo ndiyo inayotugusa huku. Ndani yake kuna mji wa kubuni wa Afrika Mashariki uitwao Harambe, wenye maandishi ya Kiswahili kutani, na kutoka hapo lori hupeleka watu Kilimanjaro Safaris, dakika kama 20 katikati ya twiga, tembo na simba hai kwenye hekta 44 hivi. Kreta ya Ngorongoro peke yake ina kilomita za mraba zipatazo 260. (Mtu wa Moshi ataona pia kwamba bustani yenye safari ya jina la Kilimanjaro imejenga mlima wa mita 61 na kuuita Everest.) Onyesho la Lion King limekuwepo bustanini humo toka 1998, na swali la kwa nini Simba, shujaa wa filamu ya Lion King, asiingie kwenye safari yenyewe huibuka kila mara.

Wanaotaka aingie wanasema angalau filamu ile inatumia majina ya Kiswahili na watoto wanayajua. Tunapinga, na sababu yetu imekwisha jaribiwa kwenye njia ile ile. Kwa miaka mingi safari hiyo ilikuwa na kisa cha kukimbizana na majangili ili kumwokoa mtoto wa tembo. Kilihitaji lori lifike mahali fulani kwa sekunde fulani, sauti iliyorekodiwa ianze, sanamu lionekane. Wanyama hai hawafuati ratiba hiyo: twiga akisimama barabarani, lori linasubiri, na kisa kinakatika. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 kisa kikaondolewa, majangili wakatoka na pundamilia wakaingia, dereva akaachiwa azungumzie kile kinachoonekana. Madereva wa Serengeti hawajawahi kufanya vingine.

Kuhusu Lion King, Disney wa Paris wamechagua njia ambayo hata wakali wa kambi ya kale wanaikubali: eneo jipya lenye mchezo wa maji, kwenye ardhi iliyoongezwa kwenye bustani ya pili, bila kufunga kitu.