Siku niliyogeuka waipa Tunduma

Kama hujawahi kuishi ndani ya kabini ya lori, ngoja nikuchoree ramani. Viti viwili, katikati nundu ya injini, nyuma ya viti kitanda. Kimoja. Hicho ni cha suka, yaani dereva. Utingo anajikunja juu ya viti, gia inamchoma mbavuni usiku kucha, na akiamka shingo imeelekea Zambia, kiwiliwili bado kiko Dar.

Mimi nilikuwa utingo. Tulibeba tani 30 za salfa, tunazipeleka Kongo kwenye migodi ya shaba, tukanasa Tunduma. Foleni ilitoka mpakani ikarudi nyuma hadi Mpemba, na sisi tuko mkiani. Makaratasi ya mzigo yalikuwa hayajakaa sawa, kwa hiyo kila asubuhi Mzee, yaani dereva wangu, anapanda bodaboda kwenda kwa wakala, na jioni anarudi na neno moja tu: "Kesho."

Kesho hiyo tuliisubiri siku sita.

Sasa siku sita zikipita, kabini inakuwa nyumba na nyumba inazaa vitu. Kulikuwa na dumu la maji la lita 20, sufuria mbili, nusu mfuko wa sembe, ndoo ya vitunguu na nyanya, na kamba ya kuanikia soksi kutoka mlango huu hadi ule. Mzee ni mtu wa usafi. Alikuwa na sheria mbili: hakuna viatu ndani, na hakuna kiumbe kugusa kitanda chake. Ile ya pili aliisema akiniangalia mimi, ingawa ndani ya gari tulikuwa wawili tu.

Usiku kazi yangu ilikuwa kulinda tenki, maana wanyonya mafuta wa pale wanakausha dizeli wewe ukipiga mwayo. Baridi ya Tunduma mwezi wa saba usiiulize. Siku ya saba Mzee aliondoka saa moja asubuhi, mimi nimekesha, macho mekundu. Maharage nilikuwa nimeyabandika usiku huko chini, yameiva, nikayaingiza ndani, nikayafunika kwa sahani. Halafu nikaliangalia lile godoro. Godoro likaniangalia.

Nikasema dakika kumi tu. Nikavuta mapazia. Fulana nikaivua kwa heshima, maana ilinuka salfa na sikutaka kumchafulia Mzee shuka. Nikabaki na bukta.

Nilichokuwa sijui ni kwamba Mzee, huko mjini, amepata fundi. Rejeta yetu ilikuwa inavuja tangu Makambako. Akamwelekeza gari lilipo, akamwambia kijana yuko palepale. Fundi akaja, akagonga mlango (anaapa kwamba aligonga), kimya, mapazia yamefungwa. Akapiga simu. Mzee akamjibu: "Binua tu, huyo atakuwa ameenda kunywa chai."

Kwa wasiojua, malori haya injini imekaa chini ya kabini. Fundi hawezi kuifikia mpaka afungue grili ya mbele, apampu jeki ya pembeni, kabini nzima iiname kama mtu anayesujudu. Na kabla ya hapo unatoa kila kitu kilicholegea ndani. Mimi, kwa wakati ule, nilikuwa nimelegea kuliko vyote.

Niliota niko kwenye ndege. Sijawahi kupanda ndege, lakini niliijua kwa sababu ilikuwa inashuka na nyanya zinanipita. Nikafungua macho nikakuta kitanda kimesimama. Nikashika pazia, pazia likaja na mimi. Nikapita katikati ya viti kama gunia, nikatua kifua kwenye kioo cha mbele. Maharage yakafuata, ya moto kiasi cha kunifanya nikumbuke dini. Juu yake unga. Mwisho dumu likaja taratibu, likakaa juu ya usukani kama vile ndiyo sehemu yake, honi ikaanza kulia na haikunyamaza.

Chini ya kile kioo alikuwepo dada wa maandazi na karai lake. Aliinua macho kutafuta honi, akakutana na uso wangu umebanwa kwenye kioo, mweupe kwa unga, harage moja juu ya kope.

"Yesu wangu!" Mwiko ukaanguka kwenye mafuta. Akasogea, akaniangalia vizuri. "Kaka, we mzima?"

Mdomo ulikuwa umeshikana na kioo. Nikamwonyesha dole gumba.

Honi ikawa imewaita foleni nzima. Nikiwa nimening'inia hewani kama samaki wa dukani, nasikia masuka wanashauriana. Nilidhani wananionea huruma. Mmoja akapaza sauti: "Dogo, usijitingishe! Unajua bei ya kioo hicho?" Mwingine akauliza mbona waipa ya gari hili iko upande wa ndani. Jina likanikaa palepale.

Kurudisha kabini ni kupampu tena kwa mkono, na fundi alikuwa anacheka mpaka anakaa chini kupumzika. Ilipoanza kulala nyuma, kila kitu kilisafiri upya, vitunguu, sufuria, mimi, safari hii kuelekea kitandani kwa Mzee.

Kabini ikasafishwa, ikabinuliwa tena bila abiria, rejeta ikapona. Nilifua, nilikung'uta, nilipanga mto kama alivyouacha. Jioni Mzee akashuka kwenye bodaboda, akapanda ndani, akakaa kitambo akinusanusa.

"Ulikuwa umelala wapi?"

"Kwenye viti, Mzee."

Fundi alikuwa chini anakusanya spana zake. Hakuna aliyemuuliza, ila akajibu: "Kwenye viti asingepata spidi ile."

Mzee akaingiza mkono ndani ya foronya. Akatoa harage. Akaingiza tena, akatoa la pili, akayapanga yote mawili kwenye dashibodi, mbele yangu.

"Mzee, nisamehe."

Akavuta blanketi, akageukia ukutani.

"Kesho."