Saratani ya ovari: risiti ya kwanza haitoshi

Kila inapotajwa hospitali bingwa ya saratani, swali huwa tayari mdomoni: fedha hizo zingejenga zahanati ngapi? Kwa saratani ya mlango wa kizazi swali hilo lina uzito, maana chanjo na uchunguzi wa mapema hufanyika hata zahanati na huokoa wengi. Ya ovari, yaani vifuko vya mayai ya mwanamke, ni habari nyingine. Hadi leo hakuna kipimo kilichothibitika kupunguza vifo kwa kuwapima wanawake wasio na dalili. Tumbo linajaa, mama anapewa dawa za gesi au vidonda vya tumbo, na inapogundulika, kwa wagonjwa takribani watatu kati ya wanne imeshafika hatua ya tatu au ya nne. Mwaka 2022 duniani kote iliwapata wanawake wapatao 324,000 na kuua kama 207,000.

Hapo tegemeo kubwa ni upasuaji, na jambo lenye uzito mno ni kiasi cha uvimbe kinachobaki tumboni baada ya kushonwa. Kuutoa wote kunaweza kudai kuondoa ovari, mfuko wa uzazi, utando wa mafuta unaofunika utumbo, pengine na kipande cha utumbo wenyewe. Daktari wa uzazi, hata awe hodari, akifungua tumbo akitarajia uvimbe wa kawaida, hutoa kinachotoka, akafunga, akaandika rufaa. Hospitali yake imetumia kidogo. Upasuaji wa pili, damu, siku za wodini na mwili uliokwisha kudhoofika vinaandikwa kwenye vitabu vya hospitali nyingine. Wanaosema tiba ya karibu ni nafuu, mara nyingi wamesoma risiti ya kwanza tu.

Uholanzi tangu 2012 inataka hospitali inayofanya upasuaji huu ifanye angalau 20 kwa mwaka. Ni pungufu ya wawili kwa mwezi! Hata hivyo hospitali nyingi za kawaida haziwezi kufika hapo. Wachambuzi wa gharama wa huko na wa Marekani walikuta kwamba kituo bingwa hula fedha zaidi kwa kila mgonjwa, lakini gharama ya kila mwaka mmoja wa uhai wenye afya unaopatikana haizidi bei ambayo nchi hizo hukubali kulipia tiba nyingine.

Je, faida ni kubwa kiasi gani? Mapitio ya 2012 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaojumlisha tafiti za tiba, yakijumlisha wanawake zaidi ya 9,000, yalionyesha hatari ya kufa ikipungua kwa karibu asilimia 10 palipo na bingwa wa saratani za wanawake. Asilimia 10 inasikika ndogo. Lakini ni wastani unaochanganya waliofika mapema na waliofika wamechoka, na haikudai dawa yoyote mpya: ni mikono tofauti tu. Wapinzani wana haki kusema tafiti hizo ni za kufuatilia kumbukumbu, na huenda wanaofika vituo vikubwa wana hali nzuri zaidi. Huenda pia wagonjwa wagumu ndio hupelekwa huko, na hapo faida halisi ingekuwa kubwa kuliko inavyoonekana.

Hoja yao nzito ni safari. Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200, na dawa za saratani, kwa kawaida carboplatin na paclitaxel, hutolewa kila baada ya wiki tatu, mara sita hivi. Familia itauza ng'ombe, kisha shamba. Ila hakuna sababu dripu ifuate kisu. Mama apasuliwe kwenye kituo bingwa, dawa apewe hospitali ya kanda au ya mkoa yenye wauguzi waliofunzwa, na bima ilipe nauli ya safari ile moja.

Na si kila mwenye uvimbe apandishwe treni. Ultrasaundi, kipimo cha damu cha CA-125 na kujua kama hedhi imekoma hutoa alama ya kukadiria hatari ya uvimbe kuwa saratani, na nchi nyingi huanza kuhofia alama ikifika 200. Mkoani hilo linawezekana, mradi lifanyike kabla ya tumbo kufunguliwa.