Mimi Muziki Niliuanzia Kwenye Breki za Baba

Jamani, hivi nchi hii kuna mwanamuziki hata mmoja aliyeanza muziki kwa sababu tu siku hiyo hakuwa na kazi ya kufanya? Maana kila nikiwasha redio, mtangazaji akiuliza "msanii wetu, hebu tuambie ulianzaje anzaje," majibu ni matatu, la nne hakuna. Ni kipaji cha kuzaliwa. Nilianzia kanisani, au madrasa kwenye kaswida, inategemea jina lake. Na nimepitia magumu, kuna siku nililala njaa.

Sasa Jumanne iliyopita aliyekuwa anahojiwa ni mpwa wangu.

Mtoto wa dada yangu kabisa. Analala sebuleni kwangu hapa Mbagala tangu amalize kidato cha nne, mwaka wa tatu huu. Kavaa miwani ya jua saa mbili usiku, yuko kwenye hizo televisheni za mtandaoni ambazo studio yake ni ukuta wa saluni ya mtu. Akaulizwa swali. Akashusha pumzi kama mzee aliyetoka kuzika. Akasema, "Dah, nimetoka mbali sana, braza. Kuna siku nililala njaa."

Njaa! Mimi nilikuwa nakula, kijiko kikanidondoka. Siku gani hiyo? Kwenye nyumba ipi? Mke wangu akasema labda ni ile siku aliporudi saa nane za usiku akakuta jiko limefungwa. Yaani magumu aliyopitia huyu mtoto ni mimi. Nalipa kodi, nanunua umeme, nanunua unga, halafu kwenye historia ya muziki naingia kama magumu.

Na muziki wenyewe kauanza lini? Mwezi wa tatu. Naukumbuka kwa sababu ndio mwezi niliomnunulia simu. Kapakua programu, kapakua biti ya singeli, ule muziki wa mbio, mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, mtu wa presha kama mimi ukiisikia unatafuta pa kushika. Kajifungia chooni kwa sababu eti kule kuna mwangwi mzuri. Sisi tumepanga foleni nje na ndoo zetu, tunachelewa kazini, yeye anarudia kiitikio. Ilipofika Ijumaa akawa msanii. Hakuna aliyemtahini. Hata kinyozi, kabla ya kuaminiwa kichwa cha mtu mzima, anaanzishiwa vichwa vya watoto wa nduguze.

Sikatai vijana waimbe. Ninachosema ni kwamba mtu akiulizwa alianzaje, aseme alivyoanza. Mimi ningeulizwa, na nina miaka 49 sijawahi kuulizwa hata na mke wangu, ningesema wazi: muziki niliuanza kwa wizi.

Mimi ni wa Morogoro, mji kasoro bahari. Na miaka ile kuzaliwa Morogoro ilikuwa sawa na kuzaliwa unadaiwa. Wazee wakikaa kijiweni ni Salum Abdallah na bendi yake ya Cuban Marimba, ni bendi ya Morogoro Jazz, ni Mbaraka Mwinshehe na solo lake la gita. Salum alishafariki 1965, Mbaraka akafariki 1979 mimi bado navuta kamasi, kwa hiyo hakuna nilichowakosea wale marehemu, lakini kila mtoto wa mtaani kwetu alikuwa anapimwa kwao. Ukipiga mluzi unaenda zako dukani kununua chumvi, mzee anakusimamisha: "Huo nao mluzi? Mji huu huu wa Mbaraka?"

Wazee haohao walikuwa wanasimulia kwamba Salum akiwa kijana alitoroka kwao aende Cuba akasome muziki, akafika Mombasa, safari ikaishia hapo, akarudishwa nyumbani. Wenzangu walikuwa wanacheka. Mimi hadithi hiyo ilinipa moyo sana. Nikaona kumbe mtu anaweza kupotea kwa kiasi hicho na bado akaja kuwa na bendi.

Basi mwaka 1987, nina miaka 11, nikaamua kuwa mpiga gita.

Gita la dukani tulikuwa tunaliona kwenye picha. Sisi letu lilikuwa galoni. Unatafuta galoni la bati la mafuta ya kula, lile la msaada, unatoboa tundu la duara ubavuni, unachomeka ubao wa kreti la soda, kichwani unapigilia misumari ya kukazia nyuzi. Hapo bado huna gita, una galoni lenye mkia. Kazi iko kwenye nyuzi. Ukiweka mshipi wa kuvulia, linalia bu, bu, kama mtu anajikwaa gizani. Ukiweka mpira wa tairi, halilii kabisa, linapumua. Uzi wa kweli, na hili kila fundi magaloni wa mtaani alilijua, umo ndani ya waya wa breki ya baiskeli. Ukiufumua unakuta vinyuzi vya chuma vimesokotwa pamoja. Kimoja ndiyo solo. Sokota viwili, umepata rizimu. Sokota vinne, besi hiyo.

Tatizo likawa hili: karibu wazee wote mtaani walikuwa na baiskeli za Phoenix, na Phoenix zile breki zake ni fito za chuma. Huwezi kuzifumua hata ukeshe. Mtu mmoja tu, kwa kupenda mambo ya kisasa, alikuwa na baiskeli ya breki za waya. Baba yangu.

Nikachukua waya wa mbele. Nilikuwa na huruma, nikasema huo wa nyuma unamtosha. Jioni nikafunga nyuzi, solo ikalia, rizimu ikalia, nikagundua besi haikutosha. Nikarudi kuchukua wa nyuma.

Asubuhi baba akatoka kwenda kazini. Na njia yake ilikuwa na mteremko, ule wa Bigwa, wanaoujua wanaujua. Waliomwona wanasema alipita anapiga kengele mfululizo, maana ndicho kifaa pekee kilichokuwa bado kinafanya kazi, na kwamba mwanzoni wote walimpungia mkono wakidhani anasalimia. Alikuja kusimama kwenye shimo la wafyatua matofali. Alirudi nyumbani ana rangi ya tofali bichi, kapasuka ugoko, kovu analo mpaka leo, akipandisha suruali linaonekana.

Hakuniuliza mimi. Alikwenda moja kwa moja kwa fundi baiskeli, ambaye siku mbili kabla alikuwa ameifanyia ile baiskeli sevisi. Akamwita mwizi mbele ya watu. Fundi akaapa kwa mama yake, akaapa kwa mafundi wote wa Morogoro, wapi. Akalipishwa waya zote mbili, na wale wawili, watu waliokuwa wanacheza bao pamoja kila Jumapili, hawakusalimiana tena miaka na miaka. Mimi muda wote huo niko nyuma ya nyumba nakaza msumari wa besi.

Na lililia, sitaki kudanganya. Sijasikia tena galoni likilia vile.

Kupiga ni jambo moja, kutunga ni balaa jingine. Tulichokuwa tunasikia ni Redio Tanzania, kipindi cha Klabu Raha Leo na vinginevyo, betri zikichoka tunazianika juu ya bati zipate jua, zinafufuka nyimbo mbili zinakufa tena. Na kaseti za Wazaire, ambazo tulikuwa tunazirudisha nyuma kwa kalamu ya Bic kuokoa hizo betri. Kwa hiyo kichwani mwangu wimbo wa kweli ulikuwa lazima uwe Kilingala. Kilingala nilikuwa najua maneno manne: nalingi, motema, bolingo na mama. Mengine nilijazia majina ya vituo vya basi nikiyatamkia puani. Wimbo wangu wa kwanza ulikuwa na beti tano za namna hiyo. Akahamia mtaani fundi cherehani mmoja, Mzaire halisi, nikampelekea galoni langu nimwimbie. Alisikiliza kwa heshima zote, mpaka mwisho, akaweka chini mkasi, akaniuliza kwa upole: "Hicho ni Kiluguru?"

Nikarudi kwenye Kiswahili. Bahati nzuri shuleni tulikuwa tumeanza mashairi: mshororo mizani 16, nane huku nane huku, vina viangukie kati na mwisho. Nikatunga, nahesabu kwa vidole: "Moyo wangu wateketa, kama kuni za mkaa." Hesabu mwenyewe, haina kasoro. Mwalimu akaandika kwa wino mwekundu: kuni ni kuni, mkaa ni mkaa, 3/10.

Ule moyo ulikuwa unateketa kwa ajili ya msichana wa darasa la jirani na langu. Jina simtaji, leo ni mama mkwe wa watu, ila jina lenyewe lilikuwa na mizani sita. Sita! Ukitanguliza "ewe" tu, nane zimetimia, mnasalimiana bado na nusu ya mshororo imekwisha. Nilitunga beti saba ambazo ukizisoma ni kama mtu anaita mtu ng'ambo ya mto. Nikampigia chini ya mwembe wa shule. Akasikiliza, akainama, akalitazama galoni kwa karibu, halafu akaniuliza: "Hizi nyuzi si za breki?"

Muhula mzima nilimnunulia barafu kila mapumziko. Wasanii wanalalamika kwamba shabiki halipi kiingilio. Mimi shabiki wangu wa kwanza nilikuwa namlipa mimi, ili anyamaze.

Kanisani nako nilipita, msije mkasema sikupita. Kwaya ya parokia, solfa ubaoni, do re mi, mwalimu anapita mbele ya kila mmoja anategesha sikio mdomoni kama daktari. Akafika kwangu, akasimama, akarudia kusikiliza. Akaninong'oneza, "Wewe uwe unafumbua mdomo tu, sauti watatoa wenzako." Nilifumbua mdomo miaka mitatu. Krismasi moja mama fulani akanishika mkono mlangoni, machozi yanamlengalenga, akasema sauti yangu imemgusa.

Dar nilikuja miaka ya 1990, redio binafsi zimeanza, kila kijana ana suruali ya kumeza watu wawili na daftari la mistari. Na mimi nilinunua daftari. Nikachanga hela ya studio miezi minne, nikaingia, biti ikaanza, nikawasalimia Morogoro, nikawasalimia Mbagala, nikawasalimia walioko magereza na walioko masomoni, prodyuza akazima mashine. Akaniambia, "Kaka, biti imeisha, wewe bado unabisha hodi." Hela hairudi. Nikaenda kuuza vipuri Kariakoo, ndiko niliko hadi leo, na ndiyo, tunauza pia waya za breki.

Sasa kosa langu ni moja. Ile Jumanne, baada ya mahojiano ya njaa, umeme ukakatika, mimi nina hasira, nikamkalisha mpwa wangu gizani. Nikamwambia sikiliza, bwana mdogo, hivi ndivyo watu wanavyoanza muziki. Nikamsimulia yote. Galoni, Phoenix, waya wa mbele, waya wa nyuma, kengele, shimo la matofali. Alitulia kimya, hata simu hakushika. Nikajisemea huyu leo kajifunza.

Juzi Alhamisi kahojiwa tena, ukuta wa saluni nyingine. "Msanii wetu, ulianzaje anzaje?" Akashusha pumzi. "Dah, nimetoka mbali sana, braza. Nilianza na gita la galoni. Nyuzi nilitoa kwenye breki za baiskeli ya mzee, akateremka nayo Bigwa anapiga kengele, nusura tumzike."

Mzee! Mtoto wa mwaka 2004! Galoni la bati la msaada kaliona wapi? Breki za waya anazijua kwa sababu aliwahi kunifuata dukani siku moja akalala kwenye maboksi yake! Nikasema nitamtoa sebuleni leo hii. Lakini kabla sijaamka kwenye kiti, simu yangu ikaita. Namba ya Morogoro.

Baba ana miaka 81, macho hayaoni vizuri ila masikio ni yaleyale, na wajukuu wa kule huwa wanamwekea mahojiano ya ndugu yao kwa sauti ya juu. Nikamwamkia shikamoo mara mbili. Akaniitikia moja.

Akasema, "Nimemsikia mjukuu wangu. Anasema alichukua waya za breki akatengeneza gita."

Nikasema ndiyo, baba, watoto wa siku hizi waongo sana.

Akasema, "Mwongo, ndiyo. Mimi baiskeli niliiuza mwaka 1992, yeye hajazaliwa. Lakini Bigwa kaipatia. Na kengele kaipatia." Akanyamaza. Nasikia anapumua. "Kengele hiyo sikumsimulia mtu yeyote nje ya nyumba ile."

Sikuwa na neno. Nilifumbua mdomo tu, kama kwenye kwaya.

Akaniambia amempigia simu fundi. Fundi bado yuko hai, kumbe, na bado anakumbuka bei ya waya zote mbili. Wamesalimiana, wamecheka, wamelia kidogo, wamekubaliana kuja wote wawili Jumamosi kwa treni ya umeme. Zamani ningekuwa na matumaini, basi lingechelewa, wangechoka njiani, wangeahirisha. Siku hizi Morogoro hadi Dar hata saa mbili hazifiki. Serikali nayo, na haraka zake.

Nimekaa hapa natafuta jibu. Mpwa wangu kapita na taulo anaelekea chooni kurekodi, kanitazama, kaniuliza: "Anko, wazee wakifika, naweza kuweka simu kwenye kijiti?"