Pambano kwanza, jela baadaye: nani anastahili huruma?

Desemba 2011 mahakama ya Las Vegas ilimhukumu bondia Floyd Mayweather siku 90 jela kwa kumpiga mama wa watoto wake. Tukio lilitokea Septemba 2010 na watoto waliliona. Alikiri kosa lililopunguzwa uzito baada ya mawakili wake kuelewana na upande wa mashtaka, na alitakiwa aingie gerezani Januari 2012. Mawakili wakarudi kwa hakimu na hoja nyingine: mteja wao ana mkataba wa kupigana Mei 5. Hakimu akakubali kusogeza tarehe. Mayweather akapanda ulingoni, akamshinda Miguel Cotto kwa pointi, akajihakikishia dola milioni 32, na Juni 1 ndipo akaripoti jela. Agosti 3 alikuwa nje.

Hebu ilete hadithi hii Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Kijana wa mtumbwi wa dagaa amempiga mkewe, amekutwa na hatia, anamwomba hakimu wa Mwanza ampe nafasi amalize giza la mwezi huu, kwa kuwa dagaa huvuliwa gizani, na mbalamwezi ikitoka yeye mwenyewe atajipeleka gereza la Butimba. Karani angeangua kicheko. Mvuvi naye ana msimu, ana tajiri wa mtumbwi anayemsubiri na watoto wanaotaka ada. Alichokosa ni watu wa kununua tiketi.

Kwa wengi mjadala huishia hapo: nyota amependelewa, basi. Mimi naona upande wa pili una hoja nzito kuliko tunavyoukubalia, na vijiwe vya kahawa vinavyoujadili siku ya mechi si vya wapumbavu.

Hoja ya kwanza ni muda. Fundi cherehani akifungwa miaka mitatu atarudi kwenye cherehani yake. Winga aliyefungwa akiwa na miaka 27 akatoka na 30 amerudi kwenye mwili mwingine, na soko halimsubiri. Kifungo kilekile kwa watu wawili si adhabu ileile, na hakimu mwenye busara huangalia adhabu inamwangukiaje mtu aliye mbele yake. Kuna na aibu. Mvuvi wetu akitoka Butimba anaweza kuhamia kambi ya Ukerewe au Ukara, wakamjua kwa kazi yake tu. Nyota hana kambi ya kuhamia, jina lake limetangulia kila mahali.

Hoja ya pili ndiyo inayonikosesha usingizi, kwa sababu mara nyingi haitoki kwa mashabiki, inatoka kwa mke mwenyewe. Anayefungwa ndiye analipa kodi ya nyumba Pasiansi au Igoma, ndiye analipa shule, pengine ndiye anamtunza hata mama mzazi wa huyo mke. Waulize wanaofanya kazi kwenye madawati ya jinsia na watoto katika vituo vya polisi: mwanamke anakuja asubuhi jicho limevimba, anapewa PF3, ile fomu ya polisi ya kutibiwa, anatibiwa, na wiki ijayo anarudi kuomba kesi ifutwe. Tunapenda kusema ametishwa. Wengine wametishwa kweli. Wengine wamepiga hesabu tu, wakaona kifungo cha mume kitawaumiza wao na watoto kuliko kitakavyomuumiza yeye. Ukimwambia mtu huyo kwamba haki imetendeka mume akiwa ndani na yeye akihamishwa chumba, atakuangalia tu.

Sheria yetu inalijua hilo. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inaipa mahakama nafasi ya kuhimiza suluhu kwenye shambulio la kawaida na makosa mengine ya aina hiyo, iwapo haioni kwamba maslahi ya umma yanadai adhabu. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002 inaruhusu aliyestahili kifungo kisichozidi miaka mitatu atumikie nje ya gereza. Kwa hiyo anayeomba huruma haombi kitu kisichokuwepo. Swali ni kama aliyekunja ngumi kwa mkewe ndiye mtu wa kupewa, na kama jina lake lihesabiwe.

Nianze na jina, kwa sababu hilo ni jepesi. Katiba, ibara ya 13, inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria. Tukikubali kwamba kipaji kinapunguza kosa, tumekubali kwamba mke wa mwenye kipaji ana thamani ndogo kuliko jirani yake aliyeolewa na kondakta. Wapo wanaosema nyota ni mali ya taifa. Sawa. Septemba 2021 Agnes Tirop wa Kenya alikimbia kilomita 10 kule Ujerumani kwa dakika 30 na sekunde 1, rekodi ya dunia kwa mbio za wanawake peke yao. Mwezi uliofuata alikutwa amechomwa kisu nyumbani kwake Iten, akiwa na miaka 25. Mumewe alishtakiwa kwa mauaji, akakana. Septemba 2024 Rebecca Cheptegei wa Uganda, aliyekuwa ametoka kukimbia marathoni ya Olimpiki Paris, alimwagiwa petroli na kuchomwa moto huko Trans Nzoia, Kenya, na mwanamume aliyewahi kuwa mwenza wake. Alifariki siku nne baadaye hospitalini Eldoret, na mwanamume huyo naye akafa kwa majeraha ya moto uleule. Hao nao walikuwa mali ya taifa. Umaarufu unaotajwa kumtetea mwanamichezo aliyepiga haukumkinga mwanamichezo aliyepigwa.

Hoja ya mke anayesamehe ni ngumu zaidi, na hapa lazima tuangalie tunapoishi. Watafiti walifanya kazi kupitia MITU, kituo cha utafiti kilichoko hapahapa Mwanza, wakazungumza na wanawake zaidi ya 1,000 walio katika vikundi vya mikopo jijini. Hawa ni wanawake wenye biashara, si wanaosubiri kila kitu kwa mume. Wanawake 61 kati ya kila 100 walisema wamewahi kupigwa au kulazimishwa kingono na mwenza, na 27 walisema imetokea ndani ya miezi 12 iliyopita. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 nao uliuliza watu kama mume ana haki ya kumpiga mke kwa sababu fulani, mathalani ameunguza chakula au ametoka bila kuaga. Wanawake 58 kati ya 100 walitaja angalau sababu moja inayokubalika. Kwa wanaume ilikuwa 40. Soma tena namba hizo mbili: wanaopigwa walikuwa wepesi kuhalalisha kuliko wanaopiga.

Msamaha unaotoka katika mazingira hayo siwezi kuudharau, lakini siwezi kuupokea bila maswali. Sheria ya Ndoa ya 1971 inatamka kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa viboko au kipigo. Zaidi ya nusu karne imepita, na bado kikao cha ukoo kinaweza kumkalisha binti chini kumwambia avumilie. Akiwa ameolewa na nyota, kikao kinaongezeka watu: meneja, promota, kiongozi wa klabu, shabiki tajiri aliyemnunulia mume gari. Wote hao wanakula kutokana na miguu au mikono ya mtu mmoja. Hata shemeji aliyefunguliwa duka la vifaa vya simu Makoroboi amo humo. Nani kati yao atakwenda kusema alichokiona? Mke wa mvuvi anapambana na ukoo. Mke wa nyota anapambana na ukoo pamoja na kampuni. Kwa hesabu hiyo, kama umaarufu una uzito wowote mahakamani, unapaswa kuielekeza mahakama iuchunguze zaidi msamaha wa mke, si kuupokea haraka.

Bado sisemi kila nyota afungwe mpaka siku ya mwisho. Tazama Oscar Pistorius wa Afrika Kusini. Alimpiga risasi mpenzi wake, Reeva Steenkamp, Februari 14, 2013. Mwaka 2014 alikutwa na hatia ya kuua bila kukusudia, akapewa miaka mitano, na baada ya mwaka mmoja hivi akahamishiwa kifungo cha nyumbani. Mahakama ya Rufaa ikasema ni mauaji. Jaji akampa miaka sita. Mahakama ya Rufaa ikaiona adhabu hiyo kuwa nyepesi kupita kiasi, na Novemba 2017 ikaipandisha hadi miaka 13 na miezi mitano. Januari 2024 akatoka kwa parole, chini ya masharti yanayoendelea hadi 2029, yakiwemo mafunzo ya kudhibiti hasira na programu kuhusu ukatili dhidi ya wanawake. Mama wa marehemu hakupinga parole hiyo, ingawa alisema haamini simulizi ya Pistorius ya usiku ule.

Katika safari hiyo nyota yuleyule alipata huruma mara mbili. Ya kwanza, ya miaka ya mwanzo, ilitolewa kabla hata hatujakubaliana alichokifanya ni nini, na mahakama ya juu ikaikataa. Ya pili ilikuja baada ya kosa kuitwa kwa jina lake, sehemu kubwa ya adhabu kutumikiwa na familia ya marehemu kupewa nafasi ya kusema. Ukiniuliza, ya pili ilikuwa halali, na mfungwa mwingine yeyote wa Afrika Kusini angeweza kuiomba kwa utaratibu uleule.

Kwetu tumeyaona ya kufanana, japo si ya wanamichezo. Mwigizaji Elizabeth Michael alihukumiwa miaka miwili Novemba 2017 kwa kumuua Steven Kanumba bila kukusudia, na Mei 2018 akapelekwa kumalizia kifungo nje. Wapo walionung'unika kwamba ni jina. Lakini kifungo cha nje kimo katika sheria na wapo wasio na jina wanaokitumikia. Desemba 9 mwaka huohuo wa 2017, kwenye sherehe za Uhuru Dodoma, Rais Magufuli alitangaza msamaha kwa wanamuziki Nguza Viking na mwanawe Papii Kocha, waliokuwa na kifungo cha maisha tangu 2004 kwa kubaka watoto wa shule. Katiba inampa Rais mamlaka hayo na sibishani na mamlaka. Ninachokikumbuka ni shangwe. Nchi ilijadili bendi itarudi lini, na sauti za watetezi wa watoto zilizouliza kuhusu waliodhulumiwa zilizama. Umati haukuwa na ubaya moyoni, ulikuwa umemkumbuka mtu uliyemjua kwa sauti. Wale watoto haukuwajua.

Mwanamichezo anaanza na faida hiyo kabla wakili wake hajafungua mdomo: tunamjua, na yule aliyepigwa hatumjui. Ray Rice wa Baltimore Ravens alimpiga mchumba wake kwenye lifti Februari 2014, na NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, ikamfungia mechi mbili. Septemba ikatoka video ya ndani ya lifti. Kosa lilikuwa lilelile, ila sasa watu walimwona mwanamke akianguka. Klabu ikamtema siku hiyohiyo, na hakucheza tena katika ligi ile, ingawa hakuwahi kufungwa na mashtaka yalifutwa baada ya kumaliza programu ya mahakama. Ukimweka Rice kando ya Mayweather utaona kwamba mashabiki na wadhamini nao hutoa hukumu, na mizani yao haina mantiki. Aliyekwenda jela ndiye aliyeendelea kuvuna mamilioni. Kwa sababu hiyo simwamini anayesema nyota ameshaadhibiwa na umma. Umma huadhibu kinachoonekana kwenye simu.

Kwa hiyo msimamo wangu una pande mbili, na najua hautawaridhisha mashabiki wala wanaharakati. Akiwa ni mkosaji wa mara ya kwanza, jeraha si kubwa na amekiri bila kumzungusha mke mahakamani, apate kifungo cha nje kama atakavyopata kondakta au mvuvi, na fidia ikatwe kwenye mapato yake iende kwa aliyeumizwa. Ila fidia iwe nyongeza, maana ikigeuka kuwa mbadala tutakuwa tumeweka bei ya kumpiga mke, na nyota atamudu kuilipa. Akimaliza adhabu, acheze. Sioni faida ya kumfungia maisha mtu ambaye watoto wake wanakula kwa kazi hiyo. Lakini kusogeza kifungo ili amalize ligi, la. Kumtoa mapema kwa sababu timu inashuka daraja, la. Na aliyezoezwa kupiga kwa ngumi asije akaniambia hakujua nguvu ya mkono wake.

Anabaki yule mke anayesema mwacheni, nataka arudi nyumbani. Hakimu akimsikiliza peke yake, mama mkwe hayupo kwenye benchi la nyuma, naye akasema vilevile, sina ubavu wa kumpinga. Ningetaka tu maneno yake yaandikwe kabla meneja hajafika mahakamani.