Gesi ya friji: sifa yake ndiyo kosa lake

Fundi friji wa mtaani akibadilisha kompresa, huanza kwa kukata kile kibomba chembamba cha shaba. Pssss! Gesi inatoka. Haina rangi, hakuna anayekohoa, na baada ya sekunde chache kila mtu kaisahau.

Upole huo ulitafutwa kwa makusudi. Miaka ya 1920 friji zilitumia amonia, salfa dayoksaidi au kloridi ya methili, na bomba likivuja usiku familia iliweza kufa usingizini. Mwaka 1928, huko Marekani, Thomas Midgley na wenzake wakaja na gesi iitwayo R-12: kaboni moja, klorini mbili, florini mbili. Inashangaza, maana klorini peke yake ni sumu ya kuua na florini ni kali zaidi yake. Zikishikana na kaboni hutulia tuli. R-12 haiwaki wala haiozi.

Na kutooza ndiko kulikotuponza. R-12 hudumu angani takriban miaka 100, hivyo hupata muda wa kupanda taratibu hadi kwenye ozoni, lile tabaka la juu linalotukinga na miale mikali ya jua. Huko miale ya jua ya urujuanimno huing'oa klorini, na atomu moja tu huvunja maelfu ya molekuli za ozoni kabla ya kunaswa. Mario Molina na Sherwood Rowland walilieleza hilo mwaka 1974. Mkataba wa Montreal, wa kuziondoa gesi zinazoharibu ozoni, ukaja 1987. Mrithi wa R-12, R-134a, hana klorini kabisa, ila ana florini, na kifungo cha florini na kaboni hunasa joto mno. Kwa hesabu ya miaka 100, kilo moja ya gesi hiyo hupasha dunia zaidi ya mara 1,000 kuliko kilo ya hewa ukaa. Ndiyo maana mwaka 2016, Kigali, nchi zikakubaliana kuipunguza pia.

Sasa friji mpya nyingi zinakuja na R-600a, isiyo na klorini wala florini, lakini inawaka. Je, tumerudishwa kulekule kwa miaka ya 1920? Wanaoitetea husema friji ya nyumbani hubeba gramu 50 au 60 hivi, ilhali jikoni tunalala na mtungi wa kilo 6 wa gesi ya kupikia, iliyo ndugu yake. Kwa friji iliyoundwa kwa R-600a, nakubaliana nao: swichi zake zimepangwa zisirushe cheche palipo na gesi. Wasiwasi wangu uko kwenye friji kuukuu ya R-134a inayojazwa R-600a kwa sababu ndiyo iliyopo dukani. Thermostati yake, ile swichi ya kudhibiti baridi, haikuundwa kwa gesi inayowaka. Hapo wenye shaka wana haki, na kusema kweli sijasikia jibu la wanaoitetea.

Friji yako ikiharibika, soma kibandiko cha kompresa. Kikisema R-600a, mwambie fundi kabla hajakata kibomba, na kabla hajawasha moto wa kuchomelea.